Jina la Mukendi mkononi mwangu

Jumanne jioni

Ni herufi saba tu, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, na kila nikiziangalia nacheka peke yangu. Wiki tatu za ndoa, na mume wangu ameandikwa kwenye ngozi yangu kwa sindano na wino! Ningekuwa na mkono wa tatu, ningemwandika huko pia.

Mama hakucheka nilipokwenda kwake kumwonyesha. Alipofungua Biblia nilijua ni Mambo ya Walawi.

"Mwili iko nyumba ya Mungu," alisema. "Weye unaandika mule sawa ukuta wa bar!"

Nilimjibu kwamba nina miaka ishirini na mbili na nina bwana. Alisema ndiyo, inasomeka tangu barabarani.

Halafu akaenda kufunga mlango. Wiki hii vijana wa hapa wanawafukuza majumbani mwao watu waliotoka mkoa wa Kasai, na Mukendi ni jina la kwao. Naogopa. Mume wangu mwenyewe sijamwambia kwamba naogopa.

Mchana Mama aliniagiza nilete blauzi zangu zote nne. Akaziongezea mikono mirefu kwa kitambaa cha pazia la sebuleni.

"Ni juu ya Padiri," alisema. "Asione."

"Mama, hata hii ya kuchotea maji? Padiri haendake ku robinet."

"Uvae tu." Akakata uzi kwa meno. "Na Mukendi umulete alale huku kwetu. Chumba ya nyuma iko tayari."