Shaba ya Chupa ya Saba

Garsen, Jumamosi, mwezi wa tano, 1956

Mvua imepumzika tangu jana lakini mto haujapumzika. Maji yamefika kwenye ua wa zahanati, rangi yake kama chai ya maziwa, na mbu wamekuwa wengi kuliko wagonjwa. Sina furaha wala huzuni ya kutaja. Miguu inaniuma kwa kutembea kwenye tope, na kuna jambo nataka niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Nimekosea, na mtoto wa watu amekonda kwa sababu yangu.

Nitaanzia mwanzo, maana ndivyo nilivyofundishwa kuandika ripoti. Kazi yangu hapa zahanati ni kupima wajawazito, kuzalisha, kuchemsha vyombo na kujaza karatasi. Dresa anatoa dawa na kudunga sindano. Wanawake ni wangu. Mimi ni Mpokomo wa ng'ambo ya mto, mwanamke wa kwanza kijijini kwetu kuvaa sare nyeupe, na sijawahi kuwaacha watu walisahau hilo. Nina ugonjwa mmoja unaojulikana Garsen nzima, nao ni usafi. Akina mama wakiniona nimetoka nje, huanza kuwafuta watoto pua.

Mwezi wa pili alitujia daktari wa Kizungu anayechunguza maziwa ya mama. Alitukalisha chini, mimi na dresa, akatueleza kwamba ndani ya maziwa ya mwanamke mna madini: chuma, shaba, zinki. Ni machache mno, huwezi kuyaona wala kuyaonja. Mengine hayaelei tu humo. Yameshikamana na protini, ile sehemu inayoganda maziwa yanapochacha, na mtoto huyapata kwa kunyonya, damu yake ikajengeka. Alitaka kujua kama wanawake wa wafugaji, wanaoishi kwa maziwa ya ng'ombe, wana madini sawasawa na sisi wa mtoni tunaokula wali, ndizi na samaki.

Nililipenda swali lile. Tangu nianze kazi, nilikuwa nimeulizwa idadi tu: wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa.

Aliniachia chupa saba za kioo zilizooshwa kwa asidi huko Nairobi, na karatasi moja ya kujaza kwa kila chupa. Agizo lilikuwa fupi. Mama akamue moja kwa moja ndani ya chupa, pasipite chombo kingine katikati.

Chupa sita zilijaa bila maneno. Ya saba ilikuwa ya Habiba.

Habiba ni mwanamke wa Kiorma. Boma lao liko upande wa Minjila, mwendo wa saa moja kutoka hapa njia ikiwa kavu. Nilimzalisha mimi alipojifungua Barisa, mtoto wake wa kwanza. Habiba mwenyewe alikubali kukamua, ila mama mkwe wake akakataa. Kukamua hakukumsumbua yule mama. Alichokikataa ni kioo.

"Chupa hii naonyesha kila kitu," aliniambia. "Maziwa ya mama hapana onyesha watu. Lori napita Tarasaa, nafika Malindi, kila mtu natia jicho. Baadaye titi nakauka."

Akanipa kibuyu chao kidogo cha maziwa, chenye kifuniko kizuri. Nikakinusa. Wafugaji husafisha vyombo vya maziwa kwa kaa la moto na moshi, na ndani mlikuwa na weusi wa masizi. Nikamfikiria daktari akiyaona masizi yale, akisema wanawake wa Tana hawajui usafi. Nikamrudishia.

Kando ya kitanda palikuwa na dele la shaba, lile birika la kahawa kutoka Lamu, wanalolitoa wageni wakija. Ndani lilikuwa limepakwa bati zamani, na bati lenyewe lilikuwa limeisha. Nililichagua mimi, wala hakuna aliyenishauri. Nikaomba ukwaju na mchanga, nikalisugua ndani na nje mpaka likawa jekundu kama jipya, nikalisuuza kwa maji ya moto. Habiba akakamua humo kidogo kidogo, kutoka alasiri mpaka alfajiri, mtoto akinyonya upande wa pili. Asubuhi nikayamimina kwenye chupa, nikaizungushia kitambaa cheusi ili mama mkwe aridhike. Kwenye karatasi palipoulizwa chombo kilichotumika, niliandika: chupa.

Nilijiona mwerevu siku ile. Nilimshinda mama mkwe na nikamridhisha daktari, yote kwa asubuhi moja.

Ningeweza kuizungushia kitambaa ile chupa tangu mwanzo, kabla tone la kwanza halijaingia. Wazo hilo limenijia leo.

Barua ya daktari ilifika wiki iliyopita, Jumatano. Sita hazina neno. Ya saba ina shaba mara nyingi kupita zile nyingine, mpaka kwenye protini yenyewe, na pengine ini la mama lina hitilafu. Mtoto aachishwe mara moja, apewe maziwa ya kopo, mpaka daktari atakapokuja mwezi ujao kumpima mama. Makopo yalikuja na lori lililoleta barua, pamoja na chupa nyingine tupu.

Nikayabeba mwenyewe mpaka Minjila. Nikawasomea barua kwa sauti yangu ya kazini, ile isiyopanda wala kushuka. Habiba aliniuliza swali moja tu.

"Dada, nimemlisha mwanangu sumu?"

Nikamwambia daktari ndiye atakayejua. Kisha nikamfundisha kupima unga wa maziwa kwa kijiko, nikaondoka.

Siku kumi zimepita. Kuni zote kule zimelowa, na maji ya mto ndiyo hayo yaliyo mlangoni pangu. Dresa alipita huko juzi kuchanja, akarudi akasema mtoto anaharisha. Nikasema huenda maji hayakuchemka vizuri. Nilisema hivyo nikiendelea kukunja bendeji.

Leo asubuhi nilikuwa nyumbani, nikalikumbuka sinia langu la shaba nililotaka kulisafisha kwa ajili ya Jumapili. Nililipaka ukwaju juzi jioni nikalisahau uani, maji ya mvua za mwisho yakajaa humo. Nilipolinyanyua, maji yalikuwa ya kijani. Nikachovya kidole nikakiweka ulimini. Ladha ilikuwa kali na chungu, ya shaba tupu.

Nilisimama uani na sinia mkononi. Sikulia. Nililiona dele, ukwaju, usiku mzima wa maziwa kukaa mle ndani yakichacha, vyote kwa mara moja. Ile shaba haikutoka kifuani kwa Habiba. Niliitia mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kusugua.

Sina maabara ya kuthibitisha hili. Lakini nilikumbuka Barisa alivyokuwa kabla ya barua. Mapaja ya mikunjo, miezi minne bila hata kikohozi. Mtoto anayelishwa sumu hanenepi hivyo. Kipimo hicho nilikuwa nacho mbele ya macho yangu, nikaamini karatasi niliyoijaza uongo mwenyewe.

Nikaenda Minjila kwa miguu. Sehemu mbili maji yalinifika magotini.

Barisa amekuwa mwepesi. Nilimpokea mkononi nikadhani wamenipa nguo tupu. Macho yameingia ndani, na utosi umebonyea. Nikawaambia wote wawili walipokuwa wamekaa, Habiba na mama mkwe wake, bila kuzungusha: shaba ilitoka kwenye dele, ukwaju wangu ndio ulioitoa, maziwa ya Habiba ni mazima, na kwenye karatasi niliandika uongo. Nikasema mtoto anyonye sasa hivi, na daktari nitamjibu mimi.

Mama mkwe hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Mimi nasema kibuyu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wewe nasema kibuyu chafu."

"Nilisema."

"Sasa chafu nani?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na nilistahili kila neno.

Habiba hakutusubiri tumalize. Alikuwa ameshafungua kitambaa alichojifunga kifuani, siku kumi akijibana ili maziwa yakauke kama nilivyomwelekeza. Barisa alivuta mara tatu, akaliachia titi, akalia kilio kile chembamba cha mtoto asiye na nguvu. Akarudishwa, akavuta, akaliachia tena. Nikawaonyesha jinsi ya kukanda kifua kwa kitambaa cha moto, nikawachanganyia maji yaliyochemka, chumvi na sukari ili wamnyweshe kwa kijiko. Nilifanya yote kwa utaratibu, jambo ambalo sijivunii.

Yapata saa tisa Habiba alijikamua, likatoka tone. Tone moja, likasimama nchani. Tulilitazama sote watatu.

Ndipo akanigeukia. "Dada, leta chupa yako. Ile ya kioo. Ipeleke hivyohivyo wazi, waione wote njiani, lori zima. Wajue mimi si mchafu."

Nikamtazama mama mkwe, nikangoja akatae. Hakukataa. Aliinamisha kichwa akashika kingo za mkeka. Hapo nasema wazi kwamba niliumia. Yule mama alikuwa tayari jicho la dunia nzima lipite juu ya maziwa yale, ili tu mke wa mwanawe asiitwe mwenye sumu.

Ile chupa mpya iliyokuja na makopo nilikuwa nayo mkobani. Nilifunga mkoba. Nikamwambia Habiba tone hilo ni la Barisa, na la pili, na yote mpaka ashibe, na Nairobi watapata barua. Akalichukua kwa kidole akampaka mtoto ulimini. Mtoto akafunga mdomo juu ya kidole akakinyonya.

Barua nimekwisha kuiandika, iko hapa mezani. Nimemweleza daktari juu ya dele na ukwaju, na kwamba neno chupa kwenye karatasi ya saba ni uongo wangu. Nimeandika pia kwamba nimemrudisha mtoto titini bila ruhusa. Itakwenda na lori la Jumatatu, kivuko kikiwa kinavusha. Huenda nikavuliwa sare. Nilidhani hilo ndilo lingeniogopesha, lakini nimeandika jina langu chini bila kusita.

Kesho kanisani hawataniona. Alfajiri nitakuwa njiani kwenda Minjila na mfuko wa kuni kavu kichwani. Nitakaa pale nisikilize, maana mtoto anayepata maziwa husikika akimeza.

Na nisiposikia kitu?