Pamba Kwenye Tuta la Mchicha

Jumamosi, 3 Juni 1995
Nimepalilia mchicha. Ile miche sita ya pamba nimeiruka tena. Sasa inanifika kifuani na vitumba vimeanza kupasuka. Pamba katikati ya mchicha — kwa bwana shamba! Miaka yote niliyofanya kazi ushirika nilizunguka Kisesa nzima kwa baiskeli nikiwafokea watu: ng'oeni maotea, pamba inayojiotea yenyewe, chomeni moto, wadudu wasipate pa kulala. Sasa ushirika umetupunguza, pamba inanunuliwa na yeyote mwenye mizani na lori, na mimi hakuna wa kunifokea.

Hakuna aliyeipanda. Baada ya msiba wa mke wangu Rebeka, Novemba, wanawake walifua matandiko. Mto wake wa kulalia, ule tuliojaza pamba ya shambani pamoja na mbegu zake, ulipasuliwa ukamwagwa hapo kwenye tuta. Mvua ikanyesha. Basi.

Jioni nimekula mboga bila chumvi. Nimekumbuka wakati naosha sufuria.

Jumapili, 4 Juni
Kanisani sikwenda. Kangambili, wadudu wa pamba, wamekuja. Wekundu, wanatembea wawili wawili wameshikana makalio, wamejaa kwenye vitumba. Nimewaokota nikawatia kwenye kopo la maji na mafuta ya taa. Nikasimama kuwaangalia wanavyokufa. Sikusikia chochote moyoni. Hata siku ya kumzika mke wangu sikusikia chochote — watu wakasema mzee Luhaga ana moyo mgumu. Acha waseme.

Jumanne, 6 Juni
Dorotea, jirani wa nyuma, ameniita kwenye ua wa minyaa. Shikamoo ya haraka haraka. Bamia zake zimeingiliwa na kangambili. Bamia ndizo zinazomlisha na wanawe tangu mumewe aende machimboni Geita akanyamaza huko. Akasema wadudu wanatoka kwenye pamba yangu, nasubiri nini kuing'oa? Nikamjibu kangambili wanapenda bamia hata pasipo pamba. Kweli nusu. Lakini nani atambishia bwana shamba? Akaondoka anasonya.

Nilipata hasira kidogo. Ikaisha kabla sijafika mlangoni.

Jumatano, 7 Juni
Kuokota. Kopo limejaa. Kulala.

Ijumaa, 9 Juni
Leo nimeamka nimeshaamua. Jembe mkononi. Nikashika mche wa kwanza chini kabisa, karibu na udongo, kama nilivyokuwa nawafundisha watu. Nikabaki nimeushika.

Rebeka amelalia mbegu zile miaka mingi. Asubuhi ana vialama shavuni, namtania kwamba panya wamemng'ata, ananitupia kanga. Hata alipozidiwa hakutaka mto mwingine. Binti yetu Gladness alimletea wa sponji kutoka Kirumba — akausukuma chini, akageukia ukutani.

Nikauachia mche. Nikapalilia tuta ambalo halina hata gugu moja.

Jumapili, 11 Juni
Gladness amekuja na dagaa. Akaiona pamba, akacheka: baba, hata wewe una maotea? Nikamwambia imetoka wapi. Alilia sana, hapo hapo kwenye mchicha. Nikamletea kiti. Sikujua kingine cha kufanya. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Alipoondoka akapitia kwa Dorotea kuaga. Nilisikia sauti zao nyuma ya minyaa. Amemwambia yote, najua. Mtoto huyu hajawahi kuficha kitu.

Jumatatu, 12 Juni
Dorotea hakuniita. Salamu tu kwa mbali, ameinamisha kichwa. Nimeokota kangambili. Safari hii nimepeleka mkono mpaka upande wake wa ua, nikaokota na wa kule nilipofikia.

Jumanne, 13 Juni
Asubuhi nikasikia vitu vinakatika kule nyuma. Nikachungulia. Dorotea anang'oa bamia! Zimezaa, zimejaa maua, na mstari mzima umelala chini! Nikampigia kelele: una wazimu?

Hakunitazama. Akasema ni yeye aliyepasua ule mto. Alidhani ni taka.

"Iache pamba yako, shemeji. Mimi bamia nitapanda tena."

Akashika mche mwingine.

Atapanda lini? Mvua zimekwisha, kisima kinatoa tope. Anajua kabisa. Na wanawe watakula nini mpaka hapo? Nikachukua jembe. Nimeng'oa wa kwanza, nimeng'oa wa pili. Mizizi imekwenda chini sana, nilivuta mpaka nikakaa kitako. Nikainua ule wa pili juu ya ua ili auone: tazama, nang'oa, acha basi! Akasema niache mimi kwanza. Nikamwambia aache yeye. Hakuna aliyeacha.

Nimeingia ndani kufuata kiberiti, maana pamba ukiing'oa lazima uichome. Kiberiti hiki hapa. Nimekaa kitandani, nimeshindwa kuinuka. Inauma. Tangu Novemba, leo ndipo inauma, kifua chote, mpaka nashika ukingo wa kitanda — Rebeka, inauma!

Nje Dorotea bado anang'oa. Nataka nimwite aache. Miche yangu ya pamba imebaki minne.