Wimbo Wenye Sikutaka Kumaliza

Bugarama, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja, 2001

Kwa yaya yangu mupendwa Speciose, dada yangu mukubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na nyumba yako yote. Uko muzima? Ile miguu yenye ilikuwa inakuvimba imepona, ao bado unapanda mulima wa Kadutu ukiigombeza njia nzima? Tunasikia masasi bado yanalia upande wa Walungu, na kila nikisikia hivyo naomba Mungu akufunike. Sisi huku tuko, hatulali njaa. Mupunga umetoa mashuke mazuri, jua la tambarare linatupika kama kawaida yake, na kazi ya kupakia simenti bado ninayo, hata kama mugongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba ujana umepita. Maman Mucyo, muke wangu, anakusalimia. Binti yetu Bella naye anakusalimia, anasema shangazi yake amemusahau.

Barua hii nimemupa Muderhwa, ule Mushi, muntu wa kabila la huko, mwenye tunapakia naye simenti. Akipata nafasi anavuka daraja la mupaka kwenda kuona batoto bake Bukavu, na njo yeye aliniletea maneno yako makali. Ulimwambia aniulize ni mwanaume gani anaacha muke wake azuie matanga ya mutoto mwaka muzima. Ulisema Épiphanie, Maman Mucyo wangu, ana kichwa kigumu, na kama mimi nimeshindwa kumwambia, utakuja kumwambia wewe. Yaya, nimeyapokea yote. Wewe ni mukubwa wangu na una haki ya kunigombeza. Lakini soma mpaka mwisho, kiisha utajua muntu wa kugombeza ni nani.

Unajua namna habari ya mutoto wetu Mucyo ilitufikia. Kamali, mwenye aliondoka pamoja na Mucyo kwenda jeshini vita ilipoanza upya mwaka wa 1998, alikuja kwetu mwaka uliopita wakati mvua inaanza. Alikaa kwenye kiti, chai hakuigusa. Alisema balikuwa banavuka mto huko Katanga, mutumbwi ukapigwa masasi, ukapinduka, na Mucyo hakujua kuogelea. Maji yalimubeba. Balimutafuta mpaka kamanda akabafukuza pale. Kiisha Kamali akalia. Sisi hatukulia, juu tulikuwa bado tunangojea amalize, tukifikiri kuna mwisho mwingine.

Kwa hiyo mwili hauko. Na wewe unajua desturi yetu, muntu hawezi kuliliwa hewani, lazima kitu kiingie ndani ya udongo kabla matanga hayajamalizwa. Mzee Bimenyimana, mwenye tunamusikiliza kama baba toka baba alipotuacha, alisema tufanye vile bazee bamefanya siku zote: tukate mugomba, tuufunge sanda, tuuzike mahali pa mutoto. Maman Mucyo alisimama mbele ya batu bote akasema yeye hakuzaa mugomba. Akaingia ndani, akafunga mulango.

Mzee hakukasirika. Aliuliza ni kitu gani Mucyo alishika zaidi kuliko vitu vyote vya dunia hii. Batu bote baligeuka kuangalia ukutani. Pale njo ilitundikwa ile gitaa yako, yaya, yenye ulimununulia pale Kadutu alipomaliza shule, tukavuka nayo kuja huku imefungwa ndani ya blanketi kama mugonjwa. Mzee akasema basi, itazikwa hiyo. Muchungaji wetu, kusikia kwamba gitaa itawekwa kaburini, alisema masikio yake yalikuwa yamejaa maji siku hiyo, hakusikia kitu, akaaga akaenda.

Épiphanie alikubali gitaa, lakini aliweka sharti lake. Unakumbuka Mucyo alikuwa na wimbo wake mwenyewe, si wa korali ya kanisani, hauna hata maneno. Kila jioni aliupiga nyuma ya nyumba, amekalia kinu kilichopinduliwa, akingojea mama yake aseme chakula kimeiva. Maman Mucyo alisema gitaa haiingii udongoni mpaka wimbo ule upigwe mara moja mbele ya batu, mwanzo mpaka mwisho, ili mutoto aagwe kwa kitu chake. Vijana ba korali balijaribu, hakuna mwenye aliujua. Yeye akasema hata bangeujua hataki mukono wa mugeni, anataka mukono wa damu yake. Kiisha akaniangalia mimi.

Mimi, yaya, mwenye nikiimba kanisani batu ba benchi ya mbele bananigeukia. Mimi mwenye Mucyo alikuwa ananiambia nipige makofi tu, inatosha.

Nilienda kwa Muderhwa, juu zamani alipiga gitaa ndani ya babaa, zile nyumba za bia za Bukavu, mpaka vita ikatawanya benzake. Alinishika vidole, akaviangalia huku na huku kama muntu anachagua muhogo sokoni, akacheka. Alisema samaki anakunjwa angali mubichi, na mimi nimekuja nimekwisha kukaushwa. Hata hivyo alikubali. Kamba moja ilikuwa imekatika, akaweka waya wa breki ya baiskeli mahali pake. Akanionyesha namna ya kubana kamba tatu pamoja, kitu chenye banaita akor, na kabla kidole cha tatu hakijafika, cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuteleza.

Usifikiri ni kazi ya kuchekesha. Unajua simenti inavyofanya mukono. Vidole vyangu vimepasuka kwenye ncha, na ukikandamiza waya juu ya mupasuko unaona nyota muchana. Nilikuwa narudi kazini, nanawa, napaka mafuta ya mawese, nangojea kidogo, kiisha naanza. Damu ilikuwa inabaki kwenye kamba, na Maman Mucyo alikuwa anaipangusa na pindo la kitenge chake. Mbuzi ba jirani balianza kunikimbia. Jirani mwenyewe alikuja kuuliza, kwa heshima yote, kama naweza kufanyia mambo yale upande wa mutaro. Mara ngapi nilitaka kuirudisha gitaa ukutani. Lakini nilikuwa naona macho ya muke wangu, nashika tena.

Na wimbo wenyewe Muderhwa hakuujua. Aliweza kunifundisha vidole, lakini wimbo ulikuwa ndani ya kichwa cha muntu mumoja tu. Kwa hiyo ikawa hivi: Maman Mucyo anakaa na ungo wake anapeta muchele, anaunguruma kipande kidogo na midomo imefungwa, na mimi nakitafuta juu ya kamba. Nikikosea anatikisa kichwa. Nikipata, mikono yake inasimama juu ya ungo. Toka Kamali alipokuja, muke wangu alikuwa ananijibu maneno mawili tu kwa siku, ndiyo na hapana. Sasa alianza kuniambia kwamba hapa mutoto alikuwa anachelewesha kidogo, na hapa alikuwa anagonga mbao na kidole gumba, sawa na muntu anapiga hodi. Jioni zile niliishi, yaya. Nasema ukweli, niliishi.

Lakini kuna Bella. Ule kijana wa Nyakabuye, Niyonsenga, alishaleta bazee bake kumuposa, na tulikubaliana vizuri. Kilichobaki ni siku ya kumutoa. Unajua vilevile kwamba mutoto wa kike hatolewi ndani ya nyumba yenye matanga hayajamalizwa, ni kumubebesha kilio aende nacho kwa batu. Bamekuja kuuliza, bakarudi, bakaja tena. Ni batu ba heshima, lakini hata heshima ina mwisho wake. Safari ya mwisho baba wa kijana alisema mutoto wake hawezi kuzeekea mulangoni petu. Bella alikuwa jikoni anasikia. Alileta bia ya ndizi, akapiga magoti, akabapa, na uso wake hauna kitu. Amekonda. Njo chenye kinanitesa.

Batu bote banasema ni Épiphanie. Sokoni banasema, kanisani banasema, wewe umesema huko Bukavu. Eti mama anapenda maiti kuliko muzima. Eti anajua kwamba mume wake hataweza kujifunza gitaa mpaka Yesu arudi, na njo maana aliweka sharti lile.

Sasa, yaya, kaa chini kama ulikuwa umesimama.

Wimbo naujua. Naujua wote, toka mavuno ya mwezi wa saba. Siku moja vidole vilifika mwisho vyenyewe, bila kuviambia, na nilishtuka nikaangalia pembeni kama muntu ameiba. Maman Mucyo alikuwa mutoni. Nilipaswa kumungoja mulangoni nimwambie imekwisha. Sikumwambia. Jioni ile alipokaa na ungo wake, nilipiga mpaka karibu na mwisho, pale penye mutoto alikuwa anagonga mbao, kiisha nikaharibu kwa makusudi. Nikasema vidole vimechoka. Na kesho yake tena, na kesho yake tena. Kila jioni mahali pale pale.

Ulitaka kujua nani anazuia matanga ya Mucyo. Ni mimi, mudogo wako.

Sikupanga ubaya. Niliogopa. Wakati gitaa iko mikononi mwangu, inapiga kelele, mutoto wangu ana kitu bado hajamaliza hapa nyumbani. Nilikuwa najiambia, hawezi kufa kabisa muntu mwenye wimbo wake umebakiza kipande. Siku nitaumaliza banachimba kaburi. Nilimupenda ule mutoto kuliko nilivyowahi kumwambia, na mwanaume wa kwetu hawezi kusimama sokoni aseme hivyo, kwa hiyo nilikosea noti. Batu bakamusema muke wangu mbele yangu, nikanyamaza, nikameza. Bella akakonda, nikanyamaza. Kazi yangu ilikuwa kubeba magunia ya simenti, lakini gunia hili nilimutwika Épiphanie, na nikatembea pembeni yake mikono mitupu.

Juma lililopita, baada ya ibada, nilisikia njaa ya kuupiga muzima. Bella alikuwa ameenda kwa benzake, Maman Mucyo aliniambia anapitia shambani kuangalia maji ya mupunga. Nilikaa juu ya kile kinu, nikaupiga wote, taratibu, nikachelewesha pale pa kuchelewesha, nikagonga mbao pale pa kugonga, nikafika mwisho. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, jembe begani. Hakuwa ameenda popote.

Nilifikiri atanitukana, na ningefurahi. Aliweka jembe chini, akaja akakaa karibu yangu juu ya udongo na nguo zake za kanisani. Aliniambia alijua siku mingi. Aliniambia muntu mwenye hajui wimbo anakosea mahali popote, lakini mimi nilikuwa nakosea mahali pamoja tu, na tena kabla ya kukosea nafunga macho. Nilimuuliza kwa nini basi alikubali batu bamuseme. Akasema na yeye alikuwa anakuja kila jioni na ungo wake akiomba nikosee.

Tulilia, yaya. Kile kilio chenye tulikosa siku Kamali alipokuja, kilikuja pale. Kiisha alijipangusa na kitenge, akasema sasa imetosha, Papa Mucyo, Bella yeye ni muzima. Akaingia kuwasha moto. Mimi nikaenda kwa Mzee Bimenyimana hivyo hivyo na macho mekundu, nikamwambia achague siku.

Amechagua Jumamosi, tarehe 17. Kaburi litachimbwa nyuma ya nyumba, karibu na mahali pa kinu. Bazee ba Nyakabuye banajua, na mwezi wa kwanza bakipenda batamuchukua Bella. Kamali ametumiwa habari. Muchungaji masikio yake yamefunguka, amesema atakuja, lakini atasimama mbali kidogo. Nitaupiga wimbo mbele ya batu bote, na mbele ya batu bote nitasema nani aliyechelewesha matanga haya, ili muke wangu atembee tena sokoni kichwa kimeinuka. Wewe ukifika, tafadhali, kabla ya kunisalimu mimi, nenda kwanza jikoni kwake.

Ni lazima ufike, juu wewe ni shangazi, na udongo wa kwanza ni wako. Njo hapo kuna neno nataka kukutayarisha, usije ukashtuka. Gitaa ni kitu kitupu ndani. Udongo ukiangukia juu yake, kamba zitalia. Nilimuomba Maman Mucyo aniruhusu nizilegeze kwanza, ili ishuke kimya. Alikataa. Alisema mutoto wake alienda kimya ndani ya maji, hakuna hata mumoja wetu mwenye alimusikia, na safari hii aende akisikika. Kwa hiyo tupa polepole, yaya, na kamba zikilia, unishike mukono.

Vuka mapema, foleni ya daraja siku ya Jumamosi ni ndefu. Njoo na koti, mvua imeanza. Utusalimie batoto bote ba kwako na bajirani benye bado banatukumbuka. Mungu akulinde njiani mpaka macho yetu yaonane.

Mudogo wako mwenye anakupenda,

Nsabimana,
baba wa Mucyo, na wa Bella