Korbani Mlangoni kwa Kaka Albano

Keko, Dar es Salaam
12 Agosti, 1951

Kwako dada yangu Sesilia,

Shikamoo dada. Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji na watoto wote hapo Masasi. Mie huku mzima, ila mafua ya Dar yameniganda kama mgeni asiyeaga. Macho ya mama yanaendeleaje? Bado anamwamkia mbuzi akidhani ni jirani? Nacheka, lakini natamani afike upesi kwa daktari, maana wanasema ukungu ule ukikomaa sana hautoki.

Uliniagiza nimwambie kaka Albano kwamba mama anakuja kwa meli ya Lindi mwezi ujao na atafikia kwake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba. Nilikwenda Temeke Jumapili baada ya ibada. Nyumba ni nzuri, dada, usiseme: vyumba vinne, bati jipya, sakafu ya saruji. Juu ya mlango pameandikwa kwa rangi nyeupe KORBANI. Mie nikadhani ni jina la fundi.

Wifi Margareta alikuwa kisimani, tukakaa barazani wawili tu. Nilipomtaja mama, kaka alitazama njiani kwanza, ndipo akaanza kunena kwa ile sauti yake ya kanisani. Akasema nimechelewa. Korbani ni neno la Maandiko, maana yake kitu kilichowekwa wakfu, na nyumba ile ameshamtolea Mungu. Chochote ambacho mama angekipata humo sasa ni cha Mungu, wala si yeye anayekataa. Nikamuuliza kama Mungu atalala vyumba vyote vinne. Akanijibu kwamba hayo ndiyo maswali ya mtu aliyejifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Ni kweli nilijifunzia huko, sikubisha. Lakini niliona wapangaji wakitokea uani na mataulo begani, nikajua Mungu huyu anapangisha.

Neno lile lilinikwama. Nikamuuliza mwenye nyumba wangu, Mwalimu Kondo, anayesomesha watoto Kurani. Alicheka mpaka kofia ikamtoka. Akasema neno hilo kwao si geni, wao huita kurubani: sadaka anayoitoa mtu ili asogee kwa Mungu. Lugha ya Mayahudi wa kale na Kiarabu ni ndugu, akasema, na shina la neno hilo ndilo lililozaa karibu tunayomwambia mgeni, tena likazaa akraba, yaani jamaa wa damu. Mkewe, bibi Tabu, alikuwa akipeta mchele. Akadakia kwamba basi kaka yangu kaandika karibu mlangoni ili amfukuze mama yake. Mwalimu akamwambia anyamaze, kisha akacheka upya.

Mie sikucheka. Nilichukua Injili yangu nikalifuata neno kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikalikuta kwa Marko, sura ya saba. Dada, nikaurudia mstari mara ya pili. Kumbe halisifiwi hata kidogo. Yesu analitaja akiwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani ili wasiwatunze baba na mama. Katika maneno yote ya Kitabu, kaka amechagua lile linalomshitaki, akalipaka rangi, akaliweka mahali pa kuonekana na wapita njia.

Jumapili iliyofuata nikarudi. Safari hii wifi alikuwepo, anamenya mihogo. Nikamwomba kaka anisomee mstari ule, kwa vile mie ni msomi wa vitumbua. Akasema kichwa kinamuuma. Basi nikausoma mwenyewe, polepole, kisha nikamuuliza mama afikie wapi.

Wifi akaweka kisu chini. Akauliza, mama gani?

Nikamwambia mama yetu, aliyetuzaa. Akauliza kama mama yetu si alikufa kabla wao hawajaoana. Akaniambia kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, humwombea, na jina lake husomwa kanisani mbele ya watu wote.

Nilikaa pale pale kwenye maganda. Nilingoja kaka akane, hakukana. Alisema kwa sauti ndogo, ile ya utotoni, kwamba watu wa kanisa wanataka kumfanya mzee wao, naye angewaambiaje kwamba mama yake ni nyakanga, anawacheza wasichana unyago kwa ngoma? Kusema amekufa kulikuwa kwepesi. Kumbe kabla yangu alishasikia kwa wasafiri wa Masasi kwamba anakuja, ndipo akatafuta neno takatifu la kumzuia marehemu asionekane anatembea.

Wifi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba miaka yote hii amemlilia mtu aliye hai, na bandarini atakwenda kumpokea yeye mwenyewe. Kaka akitaka kufuatana naye, afuate. Kaka aliinama akaanza kuokota maganda, kazi ambayo sijapata kumwona akiifanya.

Kwa hiyo mpandishe mama melini. Nyumba ya Temeke ikifungwa, atalala kwangu na daktari nitampeleka mie. Ila barua hii usimsomee. Mwache afike, aoge, ale, ndipo nimweleze taratibu. Mtu hapewi habari ya kifo chake mwenyewe akiwa na njaa.

Mpe shemeji heshima zangu, na watoto wabusu kila mmoja. Mama mwambie tu kwamba wifi yetu ana hamu kubwa ya kumwona.

Ni mie mdogo wako,
Avelina