Walinzi wa Kifua cha Baba

2 Machi

Mwanangu,
Hujambo huko maabara? Sisi hatujambo, ila kifua changu kinakwaruza kama msumeno butu. Niletee vile vidonge vya rangi mbili vya kuua bakteria. Hapa karakana kila anayekohoa vumbi la mbao anameza viwili, kazi inaendelea. Usinihubirie.
Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,
Mimi mzima. Vidonge sileti ng'o! Vumbi halifi kwa dawa, vaa barakoa. Mnachoua ni bakteria wema wa tumboni. Baba, juzi niliduwaa. Wale bakteria wakila nyuzinyuzi za maharage na nafaka isiyokobolewa, wanatoa asidi ndogo ndogo. Zinaingia kwenye damu, na chembe zinazolinda mapafu zinakaa macho! Panya tuliowapa dawa hizo bila kuumwa, walinzi wao walisinzia adui alipoingia. Tumbo linapika, kifua kinalindwa. Na nyinyi mnameza dawa kama karanga!
Mwanao

21 Machi

Mwanangu,
Mama yako anakusalimu. Nilikasirika, kisha nikaisoma barua yako mara nne. Miaka hamsini na minane nina wapishi tumboni, sina habari! Nimepiga marufuku vidonge karakana nzima. Fundi wa kupaka vanishi ananiita Mtume wa Maharage. Acha acheke.
Baba yako

4 Mei, ujumbe wa simu

Mwanangu, u hali gani? Nimelazwa. Nimonia. Daktari analeta dawa zile zile. Nimekataa, nikamwonyesha barua yako. Siwaui wapishi wangu. Mama yako analia, mtulize.
Baba

4 Mei

Baba, shikamoo baadaye. MEZA! Kosa langu, nilikuandikia nusu ya habari. Sasa adui yumo ndani, walinzi wamezidiwa. Daktari akisema siku saba, ni saba kamili. Wapishi watapungua, tutawalisha warudi. Nijibu.

5 Mei

Baba?

6 Mei

Baba, nakuomba.

15 Mei

Mwanangu,
Ile shikamoo uliyoniwekea, marahaba. Nilimeza dawa siku zote saba. Sikuweza kushika simu, nilikuwa kwenye oksijeni. Leo niko nyumbani. Nimekula maharage taratibu, kwa heshima, kama mtu anayewapelekea mafundi chakula kazini. Kisha nikavuta pumzi, ikashuka mpaka chini kabisa. Nikabaki na kijiko hewani. Wapishi na walinzi, maelfu kwa maelfu, wananihangaikia, na sijawahi hata kuwasalimu!
Nimewasalimu. Mama yako anauliza naongea na nani.
Baba yako