Kolie ya Direkta

Jumapili, 6 Oktoba

Itangazwe kwa Kapata yote, mtaa wetu, na mbinguni pia kama kuna nafasi: leo baada ya misa, imbwa yetu Direkta, mwenye jina la mkubwa wa kampuni, amevalishwa kolie ya umeme, mkanda wa shingoni wa kumfunza adabu. Imetoka Lubumbashi kwa basi. Bwana yangu, Tata Mukuna, alivua kofia yake ya kampuni ili kufungua katoni. Kofia ambayo haivui hata mbele ya padri!

Sababu ni suruali. Wakwe wa binti yetu Naomie walikuja kubisha mlango, ni kusema kuposa. Direkta akabaki na suruali ya Tata Tshilombo, baba mkubwa wa mchumba, Gael. Upande wa nyuma. Mzee alirudi kwao Musonoi kwa pikipiki ya taxi-moto, amejifunga kitenge changu. Wametuma neno: watakuja tena Jumamosi, mara ya mwisho. Imbwa akiuma, watajua ni sisi tunaokataa.

Naomie hali chakula vizuri.

Jumatatu, 7 Oktoba

Masomo yameanza — kwa Kifaransa! Mukuna anasema umeme hauelewi Kiswahili.

«Direkta, assis!» Ni kusema kaa. Anabonyeza telekomande ya kolie. Kolie inalia tii! kisha inachoma. Direkta aliruka, akamtazama kama mtu aliyekatwa mshahara.

Wazee wa kampuni wamejaa kwenye ukuta wa lupango, ua wetu. Mulumba, jirani, alinyosha mkono: «Tata Mukuna, leta na miye nimuambie Direkta akae chini. Tangu ujana njo nangojea!» Wakapanga mstari.

Jumatano, 9 Oktoba

Anakaa. Analala kwa «couché». Anangoja.

Na miye pia! Mukuna alipaza sauti, «Assis!», nikajikuta kwenye kiti na sufuria ya bukari mkononi. Hakuna aliyenibonyeza.

Alhamisi, 10 Oktoba

Umeme umekatika. Kolie haikupata chaji, imekufa. Mukuna akaamuru vilevile. Direkta alisikiliza kwanza. Hakuna tii. Akaenda kulala juu ya viatu vya Mukuna.

«Iko na akili kupita weye,» nikasema.

Mukuna alinielekezea telekomande, akabonyeza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Umeme umerudi. Nyumbani ni prise moja tu ya kuchajia inayofanya kazi, ile ya salon, chumba cha wageni. Mukuna ametoa amri: ni ya kolie mpaka kesho, simu zote zingoje. Simu ya Naomie imezimika. Hakulalamika. Ameimba akichunga unga — wiki nzima sikumsikia akiimba.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika jikoni, dirishani.

Asubuhi Naomie aliongea sana na Gael kwa simu: «Usiogope, chéri, imbwa imejua!»

Sasa wakwe wako uani. Tata Tshilombo amevaa suruali mbili, naona mikunjo. Wamesimama; mkwe hakai mpaka baba wa binti amkaribishe. Mukuna alitoka na tai shingoni, akaona heri aanze na imbwa.

«Direkta, couché!»

Akabonyeza. Direkta akainua sikio. Akangoja.

Hakuna tii.

Akaamka.

Tata Tshilombo yuko juu ya meza ya Fanta. Gael — mutoto wa watu! — amemnyoshea Direkta mguu wake mwenyewe. Direkta hautaki. Mama Micheline, shangazi ya Gael, anapaza sauti hadi barabarani: «Basi, Tata Mukuna, hii njo jibu yenu?» Mukuna anabonyeza tu.

Naomie amekimbilia ndani, akifunika uso. Nimemfuata salon.

Kwenye prise, mahali pa kolie, kuna simu yake. Imejaa chaji.