Namba Iliyokuwa Nyuma ya Mlango wa Mama

Jumamosi. Baridi ya Julai imeukamata mji wote, na upepo wa leo asubuhi ulikuwa haubishi hodi. Nimevaa sweta mbili na bado vidole ni vizito kwenye kibodi. Lakini nina furaha. Naanza na hilo kwa sababu wiki nzima nimekuwa mtu wa kununa, na wote walioingia steshenari kwangu kutoa kopi wanalijua.

Laptop yangu imerudi.

Wiki iliyopita niliipeleka kwa fundi Baraka, pale karibu na soko, kwa sababu feni ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Jumatatu nikaichukua. Rangi ya kijivu ile ile, ukubwa ule ule. Nikaiwasha, nakuta window mpya, maana Baraka hawezi kukurudishia mashine bila kupiga window, yaani kufuta yote na kuipakia upya, hata kama ulileta feni tu. Kazi zangu nilikuwa nimeshaziweka kwenye flash, nikamsamehe. Nikafungua mtihani wa kidato cha pili niliopewa kuchapa, kurasa thelathini na mbili zenye michoro, mashine ikaganda.

Nikaangalia ndani. Memori nane. Yangu ni kumi na sita, niliiongeza mwenyewe, kwa bisibisi yangu, juu ya meza yangu. Nane na kumi na sita hazifanani hata ukiwa na usingizi.

Nilirudi kwa Baraka nikamweleza. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Laptop ni laptop, dada. Hiyo uliyonayo hata inang'aa zaidi." Halafu akaniuliza kama nisingemleta mume wangu aje aeleze vizuri tatizo.

Sina mume. Nina steshenari. Kompyuta nilijifunza kwa kusimama nyuma ya migongo ya watu na kuangalia vidole vyao, mpaka siku nilipokaa kwenye kiti mwenyewe. Hilo swali nimetembea nalo wiki nzima.

Baadaye ndipo akakumbuka. Siku niliyopeleka yangu alikuwa nayo nyingine ya aina hiyo hiyo, ya Mwalimu Deo, mstaafu wa kule kijijini Kate, na Mwalimu alikuwa ameshaondoka na mashine. Akazipiga window zote mbili, basi ukizifungua ni mapacha. Nikampigia Mwalimu simu. Shikamoo, marahaba, habari za mavuno, zote tulizimaliza vizuri. Tulipofika kwenye laptop akawa mgumu. Alitumiwa na mwanawe aliyeko Dar, akasema, na mwanawe hamnunulii baba yake kitu dhaifu. Kama ina memori kubwa, ni kwa sababu mtoto anampenda.

Utabishana vipi na hilo?

Nilimwelewa. Mtu ukitoka Kate kuja mjini unakuja umeushika mfuko wako kwa mikono miwili. Tukakubaliana tukutane leo kwa Baraka, kila mmoja na mashine aliyonayo, na mwenye ushahidi aje nao.

Ushahidi ndio ulioninyima raha. Risiti yangu ilikuwa ya ile karatasi laini inayong'aa; imefutika yote, imebaki nyeupe kama kitambaa cha altare. Boksi sikuwahi kuwa nalo, niliinunua mtumba. Lebo ya chini yenye namba imesuguliwa na meza miaka minne, na kwenye hizi mashine zote mbili haisomeki kitu. Na mimi ndiye ninayewasema wateja kwa kutotunza vyeti.

Alhamisi, nikiwa napanga karatasi kwenye printa, nikakumbuka.

Nilipoinunua niliipeleka nyumbani Mpui mama aione. Mama aliigeuza juu chini, akaona lebo, akasema namba yake iandikwe. Kwetu kitu chenye namba kinaandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mama. Alianza marehemu baba. Jirani aliibiwa baiskeli akashindwa kuieleza, ndipo baba akachukua rangi nyeusi na kuandika namba ya fremu ya baiskeli yake pale mlangoni. Miaka miwili baadaye na ya kwake ikaibiwa, ikakutwa Laela imepakwa rangi nyingine, na namba ile ndiyo iliyoirudisha nyumbani. Nilikuwa naijua hadithi hiyo, na bado nilicheka. Niliandika kwa maki peni, chini ya ile ya baiskeli, kumridhisha mama tu.

Leo saa nne Mwalimu akaingia na koti lake refu, laptop ameifunga kwa kitenge ndani ya mfuko wa salfeti. Baraka alikuwa mpole kupita kiasi. Nikawaeleza kwamba lebo ikifutika namba inabaki ndani ya mashine, na kupiga window hakuigusi. Unaizima, unaiwasha huku unabonyezabonyeza F2 (za aina nyingine zina kitufe chao), unatokea ukurasa wa mashine yenyewe kabla window haijaamka. Namba iko hapo. Mwalimu akainakili ya mashine aliyokuja nayo, mwenyewe, kwa mwandiko wa ubaoni. Mimi nikainakili ya hii niliyokuwa nayo.

Nikampigia mama, nikaweka spika. Alitafuta miwani. Akatafuta tochi, maana nyuma ya mlango kuna giza hata mchana. Akasoma taratibu, tarakimu moja moja, nami naandika.

Haikufanana na ya Mwalimu. Wala na ya kwangu.

Mwalimu aliikunja karatasi yake. Hakucheka, afadhali angecheka. "Basi binti, tumemsumbua mama bure." Baraka akaanza kupuliza vumbi kwenye kibodi isiyo na vumbi.

Nikaitazama karatasi yangu. Tarakimu saba, hakuna hata herufi moja. Za laptop zote mbili zilikuwa kumi, na herufi ndani yake.

Mama alikuwa amesoma baiskeli.

"Mama, hiyo ni ya baba. Soma ya chini yake."

"Si umesema namba ya mlangoni? Ya kwanza ndiyo hii, Skola."

Akasoma ya pili. Mwalimu akakunjua karatasi, akawa anafuata kwa kidole, na kufika alama ya sita midomo yake ikaanza kumtangulia mama. Kumi kwa kumi. Akaisogelea simu na kumuuliza mama huo mlango ni wa mbao gani. Wakaongea Kifipa mpaka salio langu likakaribia kuisha.

Tukabadilishana mashine. Mwalimu alinakili namba ya ile ya kwake, ya mwanawe, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Na yeye ana mlango, akasema. Baraka aliomba radhi, na nimemwachia roli ya karatasi za gundi ili kila mashine ibandikwe jina. La mume hakuligusa. Nami sijalisahau.

Mtihani wa kidato cha pili umetoka wote jioni hii bila kuganda. Namba yangu siiandiki hapa, mtandaoni kuna kila aina ya watu. Wewe unayesoma, igeuze laptop yako sasa hivi uinakili namba, kabla lebo haijafutika.

Baiskeli yenyewe ilishakuwa chuma chakavu kabla baba hajafariki. Namba yake imebaki, na mama akiambiwa asome mlango anaanzia hapo. Jumapili ijayo baada ya misa nakwenda Mpui na kopo la rangi nyeusi, maana maki peni imeanza kufifia. Nitazipitishia rangi zote mbili.

Nitaanza na ya baiskeli.